Kemikali Inayofungua Njia ya Mtoto

Mwaka 1968, watafiti wa Makerere, Kampala, akiwemo Sultan Karim, walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza matokeo yaliyofungua ukurasa mpya: walikuwa wameanzisha uchungu wa wajawazito kwa dripu ya prostaglandini.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1935 na Ulf von Euler wa Uswidi, aliyedhani kemikali hiyo hutoka kwenye tezi dume. Kumbe karibu kila kiungo huitengeneza! Homoni nyingi husafiri na damu hadi mbali. Prostaglandini hufanya kazi palepale ilipotengenezwa, kisha huvunjwa upesi. Siku za kujifungua zikikaribia, shingo ya kizazi iliyokuwa ngumu kama ncha ya pua huilainisha ikawa kama mdomo, na msuli wa mfuko wa uzazi huukaza.

Ndiyo maana mjamzito asijimezee ibuprofeni bila ushauri. Dawa hiyo huzuia prostaglandini, ambayo pia huuacha wazi mshipa muhimu karibu na moyo wa mtoto aliye tumboni.

Misoprostoli, dawa iliyo ndugu wa prostaglandini wa maabara, humkinga mama na kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua. Tofauti na oksitosini, dawa nyingine ya kazi hiyo, haihitaji jokofu, na kwa zahanati isiyo na umeme hilo ni jambo kubwa mno.