Masisi na Walikale: Mazoezi mafupi nyumbani yaweza kumsaidia mzee kujitegemea

Katika wilaya za Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, mzee anayeinuka mwenyewe, anayekwenda chooni na shambani bila kushikwa mkono, bado anajiamulia mambo yake. Aliyepoteza nguvu ya miguu anamtegemea mtoto au mjukuu kwa kila kitu. Vita vikikaribia, tofauti hiyo inakuwa kubwa zaidi. Waasi wa M23 walipoingia Masisi-Centre mwezi Januari 2025, na Walikale-Centre mwezi Machi mwaka huo, wakaaji wengi walikimbia. Njiani, asiyeweza kutembea hubebwa mgongoni. Pasipo wa kumbeba, hubaki.

Wengi husema miguu dhaifu ni uzee tu, na kwamba mzee inafaa apumzike. Lakini misuli isiyotumika hupungua haraka, na ikifanyishwa kazi kidogo kidogo hupata nguvu tena, hata kwa mtu wa miaka 80.

Mama aliyelima maisha yake yote anaweza kuuliza: je, jembe si mazoezi? Ni mazoezi, ndiyo. Ila malaria ikimlaza majuma mawili, au akikaa miezi kambini bila shamba, nguvu hiyo hupotea. Tena jembe halimzoeshi sana kusimama imara kwenye njia ya mteremko yenye matope.

Mwaka 1997, jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, nchini New Zealand, juu ya wanawake 233 wenye miaka 80 na zaidi. Nusu yao walitembelewa nyumbani na mtaalamu wa viungo, yule ambaye hapa kwetu anaitwa kine. Alimchagulia kila mmoja mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara kulingana na hali yake: nusu saa, mara tatu kwa juma, pamoja na kutembea. Baada ya mwaka mmoja, hao walikuwa wameanguka mara chache kuliko wenzao. Tafiti nne za mpango huo zilipojumlishwa, kuanguka kulipungua kwa asilimia 35. Katika baadhi ya tafiti hizo, kazi ilifanywa na wauguzi waliofundishwa. Hilo ni muhimu kwa vijiji visivyo na kine.

Jambo la kwanza ni kumpima mzee. Shirika la Afya Duniani, OMS, linapendekeza kipimo chepesi: mzee akae kwenye kiti, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kuketi mara tano. Akishindwa kumaliza ndani ya sekunde 14, anahitaji kuchunguzwa zaidi.

Kisha kila mtu apewe zoezi lake. Asiyeweza kuinuka bila kushika kitu aanze hivyo hivyo, akijisukuma kwa mikono, mara tano, apumzike, arudie. Anayeinuka vizuri asimame karibu na ukuta, ainue visigino na kuvishusha polepole. Mwenye nguvu zaidi asimame kwa mguu mmoja akishika mlango, au atembee kando ya ukuta akiweka kisigino mbele ya vidole. Zoezi likiwa rahisi, liongezwe. OMS inashauri siku tatu au zaidi kwa juma.

Mwanzoni mtu wa nyumbani asimame karibu. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha au aliyevunjika aonane kwanza na muuguzi wa kituo cha afya. Kifua kikiuma, pumzi ikikatika au kizunguzungu kikija, aache mara moja. Misuli inahitaji pia chakula: maharagi, samaki, mayai, au maziwa ya Masisi yanapopatikana.

Wahudumu wa afya wa vijijini, wanaojulikana kama RECO, tayari hupita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo na malaria. Muuguzi akiwafundisha, wanaweza pia kumpima mzee na kumwonyesha zoezi linalomfaa. Kinachohitajika ni kiti na ukuta tu.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2006 kinawapa wazee haki ya ulinzi maalumu kulingana na mahitaji ya mwili wao. Wakati hatua za serikali zinasubiriwa, familia inaweza kuanza juma hili: kumpa mzee kiti, na kuhesabu naye mpaka tano.