Kipepeo wa Msituni na Chakula cha Watoto Wake

Asubuhi moja, baada ya darasa la Qur'ani, wanafunzi wa madrasa yetu hapa Nyamigogo walimkuta kiwavi juu ya jani la mlimau. Alifanana na kinyesi cha ndege, na mmoja wao alikwishavua kandambili ili amponde. Nikawazuia, nikawaambia kwamba huyo huenda ni mtoto wa kipepeo.

Miongoni mwa vipepeo ambao viwavi wao hujificha kwa sura hiyo ni yule ambaye wataalamu humwita Papilio dardanus, mkazi wa misitu ya Afrika, ikiwemo ya Afrika Mashariki. Dume ana rangi ya manjano hafifu na nyeusi, na mbawa zake za nyuma zina mikia. Majike wengi hawana mikia. Wamevikwa rangi za vipepeo wengine wenye ladha mbaya, ambao ndege huwaepuka. Subhanallah, hiyo ni kinga isiyo na silaha.

Kipepeo mzima hatafuni. Hunyonya maji matamu ya maua kwa mrija wake, na madume hufyonza chumvi katika matope ya kandokando ya vijito. Kiwavi ndiye atafunaye majani, wala si ya kila mti: hutegemea miti ya jamii ya mlimau na mchungwa, hasa ile ya mwituni. Mama hutaga mayai juu ya miti hiyo, kwani kiwavi akikosa jani lake hufa njaa. Basi apandaye maua uani huku akifyeka msitu amewaandalia wazazi chakula, akawanyima watoto.

Wazee wa Ngara hawajasahau mwaka 1994, wakimbizi walipoingia kwa mamia ya maelfu kutoka Rwanda na miti ikateketea kwa kuni. Ile ilikuwa dharura. Mkaa wa biashara tunaouchoma leo hauna udhuru huo.

Kule Gede, pwani ya Kenya, tangu mwaka 1993 wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza pupa zao nje ya nchi. Msitu uliosimama umekuwa riziki.

Wazazi wenzangu, tuiache miti ya kandokando ya vijito vyetu, na tuwafundishe watoto kutazama kabla ya kuponda.