Mpenzi Wako Ana MS? Usimwache Peke Yake na Maneno ya Watu

"Anajidekeza tu huyo." "Mbona jana alikuwa fiti?" "Asubuhi yote hii keshapiga mtungi!" Mtu anayeishi na multipo sklerosisi, kwa kifupi MS, huyasikia maneno haya ofisini, kwenye daladala, na kinachouma zaidi, nyumbani kwake mwenyewe.

MS ni kitu gani hasa?

Chukua waya wa umeme uliochubuka plastiki yake. Moto unapita, lakini kwa kusuasua. Kwenye MS, kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu ya ubongo na uti wa mgongo. Jicho linaona ukungu, mguu unaingia ganzi, mtu anayumba, au anachoka uchovu ambao hata usingizi hauumalizi. Mara nyingi dalili zinakuja, zinapoa, halafu zinarudi. Ndiyo maana wasiojua wanadhani ni maigizo.

Na si ugonjwa wa wazee. Wengi hugundulika wakiwa na miaka kati ya 20 na 40, umri ule ule wa kusaka kazi, kuchumbiana na kupanga familia. Wanawake wanaoupata ni angalau mara mbili ya wanaume. Duniani wapo zaidi ya watu milioni 2.8. Huku kwetu karibu na ikweta si wengi kama Ulaya, lakini uchache huo nao ni balaa: ugonjwa usiojulikana mtaani hupewa jina lolote. Karogwa. Ana ngoma. Mlevi.

Siri ya miaka 15

Jamie-Lynn Sigler, aliyeigiza kama binti wa Tony kwenye The Sopranos, aliambiwa ana MS akiwa na miaka 20. Akaificha kwa takriban miaka 15, akihofia watu wangemwonaje, mpaka alipojitangaza Januari 2016. Hebu fikiria: miaka yote hiyo unatabasamu mbele ya kamera huku mguu haukutii! Mwigizaji mwenzake, Selma Blair, alisumbuliwa na dalili kwa miaka kabla ya kugundulika mwaka 2018. Februari 2019 akatinga kwenye pati ya Oscar ya jarida la Vanity Fair, gauni la nguvu na fimbo ya kutembelea mkononi. Fimbo ikawa sehemu ya pamba.

Lakini si kila mtu ni staa. Anayeficha anawaza mkataba wake, cheo chake, na mahari ambayo haijapelekwa. Usimlaumu. Ila mkishaanza kuongelea maisha ya pamoja, mwenzako anastahili kuambiwa na wewe, si kusikia kwa majirani.

Wewe mwenza, ufanyeje?

Mwamini. Akisema amechoka, usimuulize kafanya kazi gani. Uchovu wa MS hausubiri kazi.

Punguza joto. Mwili ukipata joto, dalili huzidi kwa muda. Kwa Dar ya Januari, feni si anasa, ni sehemu ya matunzo.

Zungumzeni ya chumbani. MS inaweza kupunguza hisia, hamu au nguvu za kiume. Haimaanishi kakuchoka au ana mtu nje. Nendeni kwa daktari pamoja.

Msitishwe kuhusu watoto. MS haiambukizi, na wanawake wengi wenye MS wanabeba mimba na kujifungua salama. Muhimu ni kuongea na daktari mapema, maana baadhi ya dawa hazifai kwa mjamzito.

Tiba ya kuimaliza kabisa haijapatikana, lakini dawa za kupunguza mashambulizi zipo tangu miaka ya 1990, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa 3 za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Aliyewahi hospitali ana nafasi nzuri kuliko aliyezungushwa kwa waganga.

Kazi ngumu zaidi inakusubiri sebuleni, wifi na mashangazi wakishaanza, "Huyu mwanamke mvivu." Hapo usitazame TV. Sema: "Mke wangu anaumwa, ugonjwa wake una jina, na mimi nipo naye." Ukinyamaza, naye atajua uko upande gani.