Mkono Uliovimba Baada ya Upasuaji: Kweli au Si Kweli?

Pande, kama pwani yote ya Kilwa na Lindi, haihitaji kufundishwa neno matende. Basi mama akirudi kutoka Dar es Salaam, titi limeondolewa kwa sababu ya saratani, mionzi amemaliza katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, na miezi kadhaa baadaye mkono wa upande ule ukaanza kujaa hadi bangili haipiti, majirani huwa na jibu kabla hajauliza. Bila shaka nawe umeyasikia majibu hayo. Tuyapime.

"Hayo ni matende, kaumwa na mbu."
Si kweli. Matende ya pwani yetu huletwa na minyoo myembamba kama nyuzi, inayosambazwa na mbu. Minyoo hiyo hukaa katika mishipa ya limfu, ile mifereji inayokusanya maji ya mwilini na kuyarudisha kwenye damu. Mkono wa mama huyu haukuingiwa na mnyoo. Daktari, katika kuifuata saratani, aliondoa tezi za kwapani, na mionzi nayo huweza kukakamaza zilizobaki. Maji yakakosa pa kupita. Kati ya wanawake walioondolewa tezi nyingi, takriban mmoja kwa kila watano hupata uvimbe huu, na wengine huupata miaka kadhaa baadaye. Kuchelewa huko ndiko kunakowapa nafasi wanaosema kuna mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu.

Hata hivyo majirani hawako mbali sana na ukweli. Ugonjwa ni mwingine, lakini mifereji iliyoharibika ni ile ile, na ndiyo maana matunzo ya mguu wa matende yanamfaa sana mwenye mkono huu.

"Ni madafu hayo."
Si kweli, wala kwa mkono huu, wala kwa matende, wala kwa mabusha. Tanzania ilianza mwaka 2000, kisiwani Mafia, kugawa dawa za minyoo ya matende, ivermektini na albendazoli, kwa jamii nzima, kisha ikasambaza ugawaji huo mikoa mingine. Maambukizi yakashuka sana. Madafu yaliendelea kunywewa vile vile.

"Mkono huo usiutumie tena, hata ndoo usiinue."
Si kweli, na hili ndilo linaloniuma zaidi, maana humfanya mama mzima kuwa mgeni jikoni mwake. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao tayari walikuwa na uvimbe huu baada ya saratani ya titi. Kundi moja lilinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, likianza na uzito mdogo na kupanda taratibu, mkono ukiwa ndani ya soksi ya kubana. Mikono yao haikuvimba zaidi ya ile ya wenzao, na idadi ya waliozidiwa na uvimbe ilikuwa kama nusu ya wale wasionyanyua. Msuli ukikaza na kulegea husukuma maji yapande. Basi kuna nazi, palilia, chota maji: anza na ndoo ndogo, na mkono ukiwa mzito pumzika.

"Ukande kwa maji ya moto, na ukizidi uchanjwe damu chafu itoke."
Si kweli, tena ni hatari. Joto huongeza maji yanayoingia mkononi. Wembe hufungua mlango kwa vijidudu, na mkono wenye limfu iliyotuama hauna nguvu ya kupambana navyo. Kilichomo humo wala si damu chafu.

"Osha, paka mafuta ya nazi, lala umeuinua."
Kweli! Hapa bibi zetu walisema sawa. Daktari Gerusa Dreyer wa Recife, Brazili, alionyesha kwamba wagonjwa wa matende wanaoosha mguu kwa maji na sabuni kila siku na kuukausha vizuri hupunguza sana homa za ghafla zinazoambatana na ugonjwa huo. Mkono nao ni hivyo hivyo. Mafuta hayaondoi uvimbe, lakini ngozi laini haipasuki. Kutoka Pande hadi Dar ni zaidi ya kilomita 300, na matunzo haya yanafanyika uani kwako.

"Hauponi, kwa hiyo hakuna la kufanya."
Nusu kweli. Mara nyingi hauishi kabisa. Lakini bendeji inayofungwa na aliyefunzwa, kuanzia vidoleni kwenda juu, ikikaza zaidi chini kuliko juu, huupunguza, hasa ukiwahiwa mapema. Vua pete mara tu unapohisi kidole kinabana.

"Mkono ukiwa mwekundu na moto, homa ikipanda, ni uchovu tu, utapita."
Si kweli hata kidogo. Hayo ni maambukizi ya ngozi, na kila yanaporudi huzidi kuiharibu mifereji iliyobaki. Nenda zahanati siku hiyo hiyo upate antibiotiki, na umwambie mhudumu kwamba upande huo ulitolewa tezi za kwapani.