Mpenda treni wa Mocímboa da Praia aende wapi?

Anayependa treni na kuzaliwa Julai, katikati ya kipupwe, akiwa anaishi jirani na bandari ya Mocímboa da Praia, ana kazi kupata matembezi ya siku yake ya kuzaliwa. Bandarini kuna majahazi na malori. Reli hakuna.

Kaskazini, ng'ambo ya mto Ruvuma, iliwahi kuwapo. Waingereza waliijenga kwa mradi wa karanga ulioanza 1947, ikaja kuunganisha Mtwara na Nachingwea. Karanga hazikustawi, mradi ukaachwa 1951, treni ikasimama 1962, kisha reli zenyewe zikang'olewa!

Abaki kusini basi: avuke mto Lúrio hadi Nampula, inakopita reli ya kutoka Nacala kwenda Cuamba na Malawi. Ni mwendo mrefu wa gari kabla ya kusikia honi.

Kwa mchuuzi, hili si suala la sherehe. Waasi waliuteka mji Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021, na barabara ya kusini ilikatwa na mashambulizi. Aliyekuwa na mzigo wa kutoka Mtwara hakuwa na treni ya kukimbilia.