MJUMBE NI WA WALIOMCHAGUA

Wahenga walisema: mjumbe hauawi. Walijua kwamba anayebeba neno la watu hana budi kufika alikotumwa, hata kama neno lenyewe ni chungu masikioni mwa wanaolipokea. Lakini mjumbe aliyechaguliwa kwa kura, je, ni wa nani? Ni wa wananchi waliompa kura zao, au ni wa wajumbe wenziwe atakaoketi nao barazani? Wapo wanaodhani kuwa swali hili ni la wanasheria peke yao. Sivyo. Ni swali la kila mwanachama na kila mfanyakazi, maana kura ya mfanyakazi ndiyo silaha yake, na silaha isiyoruhusiwa kupiga ni kipande cha chuma tu.

Swali hilo lilipata jibu lake katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, mwaka 1966. Mtu aliyelifanya lijibiwe ni Julian Bond, kijana Mweusi ambaye wapiga kura wa mji wa Atlanta walimchagua mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu kabla hajaruhusiwa kukikalia kiti chake. Habari zake zastahili kusimuliwa kwa utaratibu.

KIZAZI CHA MTUMWA NA CHA MWALIMU

Julian Bond alizaliwa mjini Nashville, katika jimbo la Tennessee, Januari 14, 1940. Babu yake, James Bond, alizaliwa utumwani katika jimbo la Kentucky. Katika ukoo wao husimuliwa kwamba babu huyo alipokuwa kijana alimfunga ndume wa ng'ombe kamba, akamswaga hadi chuo cha Berea, na ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa karo yake. Baba yake Julian, Horace Mann Bond, alikuwa mtaalamu wa elimu. Mwaka 1945 alikuwa Mweusi wa kwanza kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo walikosoma Kwame Nkrumah wa Ghana na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria.

Mtoto wa nyumba kama hiyo angeweza kujitafutia maisha ya raha na kuwaachia wengine mapambano. Bond hakufanya hivyo. Mwaka 1957 aliingia chuo cha Morehouse, Atlanta. Mwaka 1960 wanafunzi Weusi wa Kusini walipoanza kuingia katika mikahawa ya Wazungu na kuketi humo hata walipokataliwa kuhudumiwa, naye alikuwamo. Aprili mwaka ule ule, mjini Raleigh, North Carolina, wanafunzi hao waliunda chama kilichojulikana kwa herufi zake nne, SNCC. Bond alikuwa miongoni mwa waanzilishi, kisha akapewa kazi ya kueneza habari za chama. Aliacha masomo, akawa anaandika taarifa na kuwapasha waandishi wa magazeti mambo yaliyotendeka vijijini, ambako mtu Mweusi aliyekwenda kujiandikisha kupiga kura aliweza kupoteza kazi, nyumba, au uhai wake.

Vijana hao hawakuwa wageni wa mambo ya Afrika. Oginga Odinga, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Kenya, alipouzuru mji wa Atlanta mwezi wa Desemba 1963, siku chache tu baada ya nchi yake kupata uhuru, vijana wa SNCC walikwenda kumwamkia hotelini. Walipotoka hapo waliingia katika mkahawa jirani, wakanyimwa huduma, na wakatiwa mbaroni. Mwaka 1964 ujumbe wa SNCC, Bond akiwamo, ulikwenda Guinea na kupokewa na Rais Sékou Touré. Huko waliwaona watu weusi wakiendesha serikali, benki na vyombo vya anga. Walirudi kwao wakijua kwamba aliyewaambia hawana uwezo wa kutawala alikuwa anasema uongo.

KURA 2,320

Katika Georgia mipaka ya uchaguzi ilikuwa imepangwa kwa hila ili kura ya mtu wa shambani izidi nguvu mara nyingi kuliko kura ya mtu wa mjini, na Weusi wengi walikuwa mijini. Mahakama za nchi ziliamuru mipaka hiyo igawanywe upya kwa haki. Hivyo mwaka 1965 ulifanyika uchaguzi maalum wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, na Bond, aliyekuwa na umri wa miaka 25, akagombea katika wilaya ya uchaguzi Na. 136 kwa tiketi ya chama cha Democratic.

Yafaa tuangalie jinsi alivyogombea. Yeye na wenzake walikwenda nyumba hadi nyumba, na badala ya kuwahutubia watu waliwauliza: je, mnataka mwakilishi wenu awafanyie nini? Wakazi walikuwa wafanyakazi, watumishi wa majumbani, na watu wasio na kazi. Hawakujibu kwa falsafa. Walitaka ujira, nyumba na haki. Ndiyo maana mgombea alisimamia mshahara wa kima cha chini wa dola 2 kwa saa, kufutwa kwa sheria iliyovidhoofisha vyama vya wafanyakazi, na kuondolewa kwa mtihani wa kusoma na kuandika uliotumiwa kuwanyima Weusi kura.

Juni 15, 1965 Bond alipata kura 2,320. Mpinzani wake, ambaye pia alikuwa Mweusi, alipata 487. Weusi wanane walichaguliwa mwaka huo kuingia katika Baraza la Wawakilishi, ambamo mtu Mweusi hakuwa ameketi tangu mwanzo wa karne ya 20.

MLANGO WAFUNGWA

Januari 3, 1966, Samuel Younge, mwanafunzi wa chuo cha Tuskegee, Alabama, aliyekuwa ametumikia katika jeshi la majini, alipigwa risasi akafa kwa sababu alitaka kutumia choo cha Wazungu katika kituo cha petroli. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko la kuilaani vita ya Vietnam. Ilisema kwamba serikali isiyoweza kulinda uhuru wa raia wake nyumbani haina ushahidi kwamba inapigania uhuru ng'ambo, na ikawaunga mkono vijana waliokataa kwenda vitani. Aliyelisoma tamko hilo alikuwa mwenyekiti wa SNCC, John Lewis. Msomaji alishike jina hilo, kwani tutakutana nalo tena.

Waandishi wa habari walimwuliza Bond kama analiunga mkono tamko hilo. Alijibu kwamba analiunga mkono, kwa kuwa yeye ni mtu asiyependa vita. Alieleza kwamba hatachoma kadi yake mwenyewe ya kuitwa jeshini, lakini anastahi ushujaa wa wanaothubutu kuchoma za kwao. Basi moto ukawaka. Wawakilishi 75 walitia saini madai kwamba mtu huyu anamsaidia adui, na kwamba hata akila kiapo cha kuilinda Katiba, kiapo chake hakitakuwa cha kweli.

Januari 10, 1966, wawakilishi wote walipotakiwa kula kiapo, Bond aliambiwa akae kando. Kamati ilimhoji, hakukanusha neno lake. Siku ile ile Baraza likapiga kura: 184 walitaka asipokewe, 12 walimtetea. Ikumbukwe kuwa Georgia ilikuwa imekwisha kutenda jambo kama hilo mwaka 1868, ilipowafukuza barazani wajumbe Weusi, wanaojulikana katika historia kama wale 33, waliochaguliwa mara baada ya utumwa kufutwa. Wale ilibidi wangoje hadi mwaka 1870 kurudishiwa viti vyao. Mwenye kovu usidhani amepoa: watu wa Atlanta hawakuwa wamesahau.

Martin Luther King, ambaye naye alikuwa mpiga kura wa wilaya ile, aliongoza maandamano kuelekea jengo la Baraza, kisha akajiunga na Bond katika kesi. Hoja yake ilikuwa nyepesi ya kueleweka: aliyenyimwa kiti si Bond peke yake, walionyimwa ni wote waliompigia kura.

MARA YA PILI NA YA TATU

Mahakama ya kwanza, yenye majaji watatu, ilimshinda Bond kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Gavana akaitisha uchaguzi mdogo mwezi wa Februari 1966 ili kukijaza kiti kilichoachwa wazi. Bond akagombea na kushinda. Akaitwa mbele ya kamati ili aombe radhi kwa maneno yake, akakataa, na mlango ukafungwa tena. Septemba alishinda uchaguzi wa awali wa chama, na Novemba 8, 1966 akashinda uchaguzi mkuu kwa kura nyingi sana.

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Wenye mamlaka walitumaini kwamba watu wa Na. 136 watachoka, kwamba watasema, afadhali tumpate mjumbe mpole atakayeruhusiwa kuingia kuliko shujaa aliye nje. Mwaka mzima wilaya yao haikuwa na sauti barazani. Hata hivyo hawakuchoka. Wangeweza kumpata mwingine, lakini walielewa kwamba mjumbe aliyechaguliwa kwa ajili ya kumridhisha mpinzani wao angekuwa mjumbe wa mpinzani huyo.

Desemba 5, 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu yake katika kesi ya Bond dhidi ya Floyd. Majaji wote tisa walikuwa kauli moja, na hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Alieleza kwamba Baraza lina haki ya kumtaka mjumbe ale kiapo, lakini walio wengi hawana haki ya kuupima moyo wa mjumbe ili kuyazima mawazo yasiyowapendeza. Akaongeza kwamba katika serikali ya uwakilishi mjumbe lazima apewe nafasi pana ya kusema juu ya mambo ya nchi. Hawezi kuwa na uhuru mdogo kuliko raia wa kawaida aliyemtuma.

Januari 9, 1967 Bond alikula kiapo. Kesho yake tu alijaribiwa. Uchaguzi wa gavana haukuwa umempata mshindi wa zaidi ya nusu ya kura, kwa hiyo ilibidi wajumbe wachague. Mmoja wa wagombea alikuwa Lester Maddox, mwenye mkahawa aliyepata sifa mwaka 1964 kwa kuwafukuza wateja Weusi kwa bastola na mipini ya shoka. Maddox alikuwa wa chama cha Bond mwenyewe. Akachaguliwa kwa kura 182 dhidi ya 66. Lakini Bond, ingawa aliamriwa apige kura, alikataa kumpigia yeyote kati ya wawili hao. Heshima kwa chama ni jambo jema, lakini chama hakiheshimiwi kwa kumsaidia anayewadharau wanachama wake.

CHICAGO, NA KUSHINDWA

Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, Bond alikuwa miongoni mwa viongozi wa ujumbe uliopinga ujumbe uliopangwa na watu wa Maddox. Mwishowe viti vya Georgia viligawanywa nusu kwa nusu. Jina lake lilipendekezwa kuwa mgombea wa Makamu wa Rais, akajiondoa, kwa sababu alikuwa na miaka 28 na Katiba yadai miaka 35.

Aliendelea katika Baraza la Wawakilishi hadi alipohamia Seneti ya jimbo mwaka 1975, akakaa humo hadi 1987. Alisaidia kuwaunganisha wajumbe Weusi wa Georgia katika umoja wao barazani. Mapema katika miaka ya 1980 alipigania kwa bidii wilaya ya Atlanta ya Bunge la nchi nzima ichorwe upya ili Weusi wawe wengi ndani yake. Akafaulu. Mwaka 1986 akagombea kiti cha wilaya hiyo, na mpinzani wake mkubwa alikuwa rafiki yake wa siku za SNCC, John Lewis. Bond alitangulia katika duru ya kwanza; duru ya pili Lewis alimshinda kwa asilimia 52 dhidi ya 48. Weusi wengi walimpa Bond kura zao, na Wazungu wengi walimpa Lewis. Aliyelima shamba hakulivuna. Lewis alikaa katika Bunge hilo hadi kufa kwake mwaka 2020.

Bond hakuukataa uamuzi wa masanduku. Aliendelea na kazi ya ualimu, na kuanzia mwaka 1998 hadi 2010 alikuwa mwenyekiti wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi. Alifariki Agosti 15, 2015, akiwa na miaka 75.

FUNZO KWETU

Maisha haya yatufunza mambo matatu. Kwanza, mgombea bora ni yule anayeuliza kabla hajahutubu. Pili, mjumbe asiyeweza kusema neno gumu mbele ya walio wengi hana haja ya kupelekwa barazani. Kiti kitupu kingefanya kazi ile ile kwa gharama ndogo. Tatu, na hili ndilo kubwa, ujasiri wa mjumbe hutegemea ujasiri wa waliomtuma. Mahakama ilikuja mwisho. Kabla yake walikuja wapagazi, mafundi na watumishi wa majumbani wa Atlanta, waliorudi katika vituo vya kura Februari, Septemba na Novemba kulitamka jina lile lile.

Mjumbe aliyeinama mbele ya wakubwa hulaumiwa upesi, na mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini kila mpiga kura na ajiulize pia: siku mjumbe wangu alipofungiwa mlango, mimi nilikuwa wapi?