Usawa wa elimu (2): Fizikia ya Mpemba na hesabu za dagaa

Juma lililopita nilihesabu vitu: madawati, vitabu, matundu ya vyoo, kilomita anazotembea mtoto wa kijijini kwenda shule ya kata. Vyote hivyo vinahesabika, ndiyo maana vinaingia kwenye bajeti. Leo nina jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye bajeti yoyote, nalo ni kile mwalimu anachoamini juu ya mtoto kabla hajaanza kumfundisha.

Nianze na aiskrimu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi wa pale walizoea kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friji yagande. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku hiyo mwenzake aliruka hatua ya kuchemsha, akachanganya sukari na maziwa mabichi ili awahi. Mpemba naye, kwa hofu ya kukosa trei iliyobaki, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Saa moja na nusu baadaye wakaenda kuchungulia. Ya Mpemba yalikuwa yameganda; ya mwenzake bado kama uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganya mambo, hicho kitu hakiwezekani. Akakubali, maana mwalimu ni mwalimu. Lakini baadaye alikutana mjini Tanga na rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu, naye akamwambia kwamba wao huweka mchanganyiko wa moto makusudi, unaganda upesi. Kumbe jambo lililokataliwa darasani lilikuwa linaendesha biashara mtaani.

Alipofika Mkwawa, Iringa, akafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo kila alipokosea, hata kusoma vibaya jedwali la logi, aliambiwa hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likaidaka kejeli hiyo. Ninavyowajua wanafunzi wetu, wengi wangenyamaza hapo na wasinyooshe kidole tena hadi siku ya mtihani wa mwisho.

Mpemba hakunyamaza. Alikuja Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza swali lake lilelile. Wenzake waliona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne alimtaka arudie swali, akamuuliza kama amelijaribu mwenyewe, kisha akakiri kwamba jibu hana na akaahidi kulipima atakaporudi chuoni. Huko alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, naye akarudi na taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, ila ataendelea kurudia jaribio mpaka apate matokeo sahihi! (Nimesimulia kisa hiki kwenye semina kadhaa na kila mara walimu hucheka hapo, halafu wanatazamana.) Mwaka 1969 makala ilitoka katika jarida la Physics Education ikiwa na majina ya wote wawili, mhadhiri na mwanafunzi.

Wanafizikia wanabishana juu ya athari ya Mpemba mpaka leo, na mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliandika kwamba hawaoni ushahidi wa kutosha kuikubali. Hoja yangu haitegemei matokeo ya ubishi huo. Osborne hakumwambia kijana kwamba yuko sahihi, wala hakumpa sifa. Alichukua kauli ya mwanafunzi akaenda kuipima kama ambavyo angepima ya mhadhiri mwenzake. Ninaposema mwalimu awe na matarajio makubwa kwa mwanafunzi, ndicho ninachokimaanisha.

Nasisitiza kwa sababu maneno hayo yameharibiwa. Shule inaandika ukutani kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, inapandisha wastani wa kuvuka kidato, inaweka kambi ya mitihani na fimbo pembeni, halafu inasema ina matarajio makubwa. Kumpandishia mtoto kizingiti bila kumfundisha kuruka ni kumchuja tu.

Watu wengi waliopitia vyuo vya ualimu wamesikia utafiti wa Robert Rosenthal na Lenore Jacobson. Mwaka 1964, katika shule moja ya msingi ya California, waliwapa walimu majina ya watoto ambao eti kipimo maalumu kilionyesha kwamba wako karibu kuchanua kiakili. Majina hayo, kama moja kati ya matano ya watoto wote, yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Mwaka ulipoisha, watoto hao wa madarasa ya chini walikuwa wamepanda alama za kipimo cha akili kuliko wenzao. Kitabu chao cha 1968 kilipingwa vikali, na kwa haki: vipimo vilikuwa na kasoro, na katika madarasa ya juu tofauti ilikuwa ndogo. Mimi sikitumii kama msahafu.

Kilichonishtua zaidi ni kazi ya Mary Budd Rowe, Mmarekani mwingine, aliyerekodi sauti za vipindi vya sayansi. Aligundua kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumhamishia mwingine au kujijibu mwenyewe. Akisubiri sekunde tatu, majibu yanakuwa marefu na sauti mpya zinaanza kusikika. Tena walimu waliwasubiri wale waliowaona wazuri kwa muda mrefu kuliko waliowaona dhaifu. Yaani anayehitaji muda zaidi ndiye aliyenyimwa, na mwalimu mwenyewe hakujua.

Sikujua mimi pia. Nilifundisha hisabati miaka kadhaa, na nilikuwa na wanafunzi wangu sita wa mbele. Kipindi kilikwenda vizuri kwa sababu yao. Wa nyuma niliwauliza maswali ya ndiyo au hapana, nikidhani nawasitiri. Wenzao waliwaita vilaza. Mimi sikulitamka neno hilo, lakini maswali yangu yalilitamka kila siku.

Aliyenizindua ni binti wa kidato cha pili, wa dawati la mwisho. Swali lilikuwa la asilimia ya faida, kwa Kiingereza cha kitabuni: mfanyabiashara fulani kanunua, kauza, tafuta faida. Daftari lake lilikuwa jeupe. Nilikuwa nimeshamwona Jumamosi kwenye gulio ameketi nyuma ya dagaa, basi nikainama na kumuuliza, sado anachukua kwa bei gani?

“Elfu sita, mwalimu. Nikipima vizuri natoa mafungu kumi na tano ya mia tano mia tano.”

“Kwa hiyo faida ni kiasi gani ukilinganisha na mtaji?”

“Robo.” Hakushika hata kalamu. Kisha akaongeza kitu ambacho sikukiuliza: “Ila yakilala, nikashusha yote mia nne, mtaji unarudi mtupu.”

Mafungu 15 kwa shilingi 400 ni 6,000 kamili. Binti niliyemwekea alama ya sifuri alikuwa anajua bei ambayo akishuka chini yake anakula hasara, jambo ambalo kitabu kilipanga kulifikia sura mbili mbele. Kutoka robo hadi asilimia 25 ilikuwa hatua moja, na tuliipiga siku hiyohiyo. Baada ya hapo nilimpa maswali magumu zaidi, na hilo ndilo alilolikosa muda wote.

Wenzetu wa Recife, Brazil, walilipima jambo hili. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti juu ya watoto watano wachuuzi. Walijifanya wateja. Mtoto wa miaka 12 aliulizwa nazi 10 za cruzeiro 35 kila moja ni kiasi gani. Akahesabu tatu ni 105, tatu nyingine zinafanya 210, akaendelea hivyo hadi 350. Sokoni watoto hao walipata asilimia 98 ya maswali. Hesabu za namna hiyohiyo zilipoandikwa kama namba tupu kwenye karatasi, walipata asilimia 37.

Kwetu karatasi hiyo imeandikwa kwa lugha nyingine. Mtoto aliyejadili, kubisha na kutania kwa Kiswahili miaka saba ya msingi anaingia kidato cha kwanza na kukuta sayansi yote kwa Kiingereza. Mradi wa LOITASA, ulioanza 2002 kwa ushirikiano wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Norwei na Afrika Kusini, ulilinganisha vipindi vya mada zilezile kwa lugha hizo mbili. Kwa Kiswahili wanafunzi waliuliza na kujibu. Kwa Kiingereza walinakili ubaoni. Mwalimu anayeliona darasa limekaa kimya anahitimisha kwamba ana watoto wazito, kumbe hajawasikia bado. Mjadala wa lugha ya kufundishia una sehemu yake katika mfululizo huu, sitaumaliza hapa.

Najua mwalimu atakayenijibu: nina watoto 80 darasani, hiyo sado nitaipata wapi kwa kila mmoja? Ana haki. Tangu ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa yamefurika kuliko walimu walivyoongezeka, na hakuna semina itakayoziba pengo hilo. Ila sekunde tatu za kusubiri hazina gharama, na swali moja gumu kwa dawati la mwisho kila kipindi halihitaji mfadhili.

Na kuna jambo la uongozi ambalo mwalimu wa darasa hawezi kulaumiwa kwalo. Baadhi ya shule hupanga mikondo kwa alama: wenye alama za juu wanakwenda A, na kadiri zinavyoshuka ndivyo herufi inavyosogea. Mwalimu mzoefu wa hisabati anapewa A, kwa kuwa huko ndiko litakakotoka daraja la kwanza. Mkondo wa mwisho unapewa mwalimu wa mazoezi, ambaye ataondoka baada ya wiki nane.

Mzazi, kikao cha shule kikiitishwa, usiulize tu juu ya michango na chakula. Omba kuona ratiba, uangalie ni nani anafundisha hisabati mkondo wa mwisho, na amekuwapo shuleni hapo tangu lini. Juma lijalo: mitihani ya majaribio na wanaoshauriwa kurudia darasa.